Mwalimu Dira na Sehemu ya Nchi Aliyoiacha Bila Rangi

Ndugu wafiwa, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani,

Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenipa kazi ya kuandika na kusoma maisha yake. Haya ninayosoma ndiyo yaliyochapishwa kwenye karatasi mlizoshika. Wapo walioniomba nipunguze baadhi ya mambo ili watu wasiogope. Nimekataa. Marehemu alifundisha jiografia kwa karibu miaka arobaini, na somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa hili: usichore usichokijua, na usifute unachokijua. Sitamvunjia heshima siku ya kumzika.

Jambo moja lilitushinda kukubaliana mpaka asubuhi ya leo, nalo ni mume wake. Aandikwe pamoja na waliomtangulia marehemu, au aandikwe pamoja na wafiwa? Wengine mnaliona dogo. Kwa marehemu lilikuwa ndilo jambo lenyewe, na nitalifikia. Naomba simu zizimwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika nyumba za wafanyakazi wa barabara, nyuma ya karakana ya malori, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yetu alikuwa dereva wa lori, mama alikuwa mshonaji. Baba hakuwa mtu wa zawadi, lakini kila aliporudi safari alimletea binti yake kiberiti kilichojaa udongo wa alikotoka. Uliletwa udongo mwekundu wa nyanda za juu, mchanga mweupe wa pwani ya ziwa, na udongo mweusi wa mabondeni unaopasuka wakati wa kiangazi. Alivipanga viberiti hivyo chini ya kitanda kwa kufuata njia ya lori, na kabla hajajua kusoma alikuwa anajua nchi yake kwa vidole. Siku moja mjomba wetu, mtu wa ugoro, alikuta kiberiti kimoja mezani akakifungua na kuvuta bila kuuliza. Alipiga chafya mpaka macho yakavimba. Marehemu alilia sana, na mama akamtuliza kwamba mjomba atapona. Akajibu, "Si mjomba ninayemlilia. Amenivutia mkoa mzima puani."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na karakana, kisha akafaulu kwenda sekondari ya wasichana ya bweni. Mwaka 1974 aliingia chuo cha ualimu na kuhitimu stashahada mwaka 1976. Alikuwa wa pili darasani. Angekuwa wa kwanza, lakini katika mtihani wa ramani aliacha mto mmoja bila kuumalizia, kwa kuwa hakuwa na hakika unaishia wapi. Mkufunzi akamwambia, "Binti, kujaza ni bora kuliko kuacha wazi." Naye akamwambia, "Nikichora mto pasipo na mto, kuna mtoto atakwenda huko na ndoo." Vijana wa leo mnaojaza karatasi kwa kubahatisha, lichukueni hilo.

Mwaka 1977 alianza kufundisha katika shule ya msingi mnayoiona ng'ambo ya barabara, na hakuhamishwa hata mara moja. Huko ndiko wanafunzi walikompa jina la Mwalimu Dira. Mwaka wake wa kwanza alijenga ramani ya nchi chini, uwanjani, kubwa kama madarasa mawili. Wanafunzi walibeba mawe ya milima ya magharibi na kokoto za vilima. Sementi ilisawazishwa kuwa uwanda wa juu, na mifereji ikachimbwa kuwa mito. Udongo wa kwenye viberiti aliupachika kila mmoja mahali pake. Somo lilipoanza, mtoto alipanda milimani na kopo la kumwagilia, akamwaga maji, na darasa zima likayafuata kwa miguu: haya yanateremka mashariki, haya yanageuka kusini, hapa upepo unaleta mvua, hapa mlima unaizuia, ndiyo maana upande wa pili ni nyika. Katikati ya kaskazini palikuwa na kinamasi. Mito miwili inaingia na mmoja tu unatoka, tena mwembamba. Watoto walikuwa wanauliza maji mengine yanakwenda wapi. Aliwaambia jua linakunywa, matete yanakunywa, na ardhi nayo inakunywa.

Mtihani wake ulikuwa mchezo. Anasimama pembeni anauliza kwa sauti, "Ziwa kubwa liko wapi?" Mtoto anakimbia, anasimama juu ya ziwa, anaitika, "Hapa!" Hakuna aliyesahau jiografia aliyofundishwa kwa mtindo huo. Nawaona wengine hapa mna mvi, na nikiuliza sasa hivi miguu yenu itawapeleka.

Kwenye ramani hiyo ndiko alikokutana na mumewe. Kikosi cha wapima ardhi kilikuja kupima mipaka ya shule, na kijana mmoja mwenye viatu vya mpira akaja kuomba maji ya kunywa. Marehemu alimtazama chini kabla ya kumtazama usoni.

"Kaka, shuka. Umesimama juu ya mji mkuu."

"Samahani, Mwalimu. Niliona hakuna msongamano."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1979. Shemeji yetu alikuwa mtu wa masihara, lakini mlevi hakuwa, wala mwongo, na hayo mawili kwangu yanatosha. Kazi yake ilikuwa kushika nyuma ya mnyororo wa kupimia. Wenzake walimwita Mkia, na yule wa mbele walimwita Kichwa. Mama alipomuuliza kama haoni haya kuitwa hivyo mbele ya wakwe, alisema, "Mama, ng'ombe asiye na mkia analiwa na nzi." Mwaka 1983 walijaliwa binti mmoja.

Sasa nasimulia jambo ambalo wengi mmelisikia likiwa limetiwa chumvi. Mimi nalisimulia kama lilivyosimuliwa na Kichwa mwenyewe, sebuleni kwa mama, mimi nikiwapo, naye akiwa hajaonja kitu.

Jumatatu tarehe 17 Septemba 1984 kikosi kilianza kuvusha mstari ndani ya kile kinamasi cha kaskazini. Kazi yao ina utaratibu. Wa mbele anavuta mnyororo, macho yake yako kwenye fito zilizosimikwa mbele, na ni mwiko kugeuka, maana akigeuka mstari unapinda. Mnyororo ukiisha urefu, anauliza kwa sauti, "Uko wapi?" Wa nyuma, akifika kwenye kigingi cha mwisho, anaitika, "Hapa!" na kuukaza. Wa mbele anachomeka kigingi kipya na kuendelea. Wa nyuma anang'oa kile cha zamani na kufuata. Ndani ya matete yaliyowapita urefu hawaonani. Kinachowaunganisha ni sauti na mkono.

Walivuka siku nzima hivyo. Kichwa aliuliza, Mkia akaitika, mnyororo ukakaza, kigingi kikachomekwa. Jua likiwa bado juu, Kichwa akatokeza ng'ambo penye ardhi ngumu, alikokuwa anasubiri mpima ardhi. Akauliza mara ya mwisho. Akajibiwa, "Hapa!" Mnyororo ulikuwa umekaza.

Mpima ardhi akasema, "Basi, inatosha. Mwambie atoke tunywe chai."

Kichwa akaita, "We Mkia! Toka huko, chai inapoa!"

Akajibiwa, "Hapa!"

"Nimesema toka, bwana!"

"Hapa!"

Walidhani ni masihara yake. Wakauvuta mnyororo, ukagoma kama umefungwa kwenye nguzo. Wakaongezeka wanaume watatu, wakavuta wote kwa pamoja, mara ukaachia na kuwaangusha chali. Ukaja mtupu. Kichwa alituambia alikishika kishikio cha upande wa nyuma, kikiwa kimetoka majini, na kilikuwa na joto la mkono.

Walimtafuta kwa muda mrefu, na mitumbwi, na mbwa. Hakupatikana yeye, wala kofia, wala kiatu. Walichokikuta ni vigingi. Kuanzia mwanzo wa mstari mpaka katikati ya kinamasi vilikuwa vimeng'olewa vyote, kama kazi inavyotaka. Kuanzia katikati mpaka ng'ambo vilikuwa bado vimesimama, kimoja baada ya kingine, kama Kichwa alivyovichomeka. Maana yake ni kwamba nusu ya siku hapakuwa na mtu wa kuving'oa, na nusu hiyo yote Kichwa alikuwa anajibiwa. Mpima ardhi alikataa kutia sahihi mstari ule. Kwenye ramani ya nchi sehemu ile ikaachwa nyeupe, na maneno madogo: hapajapimwa.

Marehemu alipoletewa habari hakulia mbele yetu. Alikwenda shuleni na patasi, akachimbua rangi ya kijani aliyokuwa ameipaka kwenye kinamasi, akapaacha sementi tupu. Akawaambia wanafunzi, "Hapa hapajapimwa. Mtu asisimame hapa." Hakuvaa nguo za msiba, na mwanamke aliyemwita mjane alirekebishwa palepale, kwa adabu lakini mbele ya watu.

Miaka ikapita. Seremala wa shule, mtu mzima, mchapakazi na mcha Mungu, alileta posa. Mama alifurahi, nami nilifurahi. Mama akamwambia, "Mwanangu, aliyekufa amekufa. Unangoja nini?"

Marehemu akajibu, "Mama, ukishika upande mmoja wa mnyororo, unajua kama upande wa pili kuna mtu. Sijui nimwelezeje ambaye hajashika."

"Na wewe umeshika nini, hebu nionyeshe!"

Hakuonyesha kitu. Alisema tu, "Nikiachia, ataanguka." Seremala alirudi kwake, na baadaye akaoa kwingine. Wale mliosema kisimani kwamba marehemu alikuwa na jini, nawaona, mmekaa mstari wa nyuma. Mwanamke aliyetunza kiapo chake mmemwita mwendawazimu, na wavunja viapo mnawaalika kwenye sherehe. Mungu anawaona nanyi.

Mwaka 1991 alikuja mkaguzi wa shule. Huyu ni mtu wa heshima, amestaafu, na yuko hapa leo. Nimemsomea sehemu hii na amekubali isomwe. Alikaa kivulini akatazama mchezo wa ramani, akafurahi, akaomba naye aulize. Watoto wakaitika vizuri milimani, ziwani na nyikani. Kisha akauliza, "Na kinamasi kikubwa kiko wapi?"

Hakuna mtoto aliyesogea. Kutoka pale kwenye sementi tupu, pasipo na mtu, ikaja sauti ya mwanamume: "Hapa!"

Mkaguzi akacheka, akidhani ni mlinzi wa shule amejificha mahali. Mlinzi siku hiyo alikuwa mjini. Mtoto mmoja wa kike, wa darasa la nne, akamwambia bila wasiwasi wowote, "Huyo huwa anajibu, Bwana Mkaguzi. Ila leo yuko karibu zaidi."

Mkaguzi alimgeukia marehemu. Anasema alikuwa anaandika maksi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka kidogo kuelekea ile sementi, kama mtu aliyeshikwa mkono na mtoto asiyeonekana.

Marehemu alistaafu mwaka 2015. Wakati huo vitabu vipya vilishapaka kijani sehemu ile, kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Alipoonyeshwa alisema, "Ndege imeona matete. Haijaona aliyemo." Mwalimu mkuu mpya, kijana mwenye bidii, akaona aibu kuwa na nchi yenye kiraka, akakipaka kijani kiraka kile cha ramani ya uwanjani wiki ileile marehemu alipoondoka. Rangi hiyo haijakauka. Imepita misimu ya kiangazi, jua limepasua ukuta wa choo, na rangi ya pale bado inaganda kwenye nyayo za watoto. Sisemi sababu, kwa kuwa siijui. Nasema haijakauka, na shule ni hapo ng'ambo, mtu anaweza kwenda kugusa.

Maradhi yalimwanza mwaka 2017 kwa shinikizo la damu, kisha moyo ukachoka. Maji yakawa yanajaa miguuni, yakapanda tumboni mpaka kwenye mapafu. Madaktari waliyatoa, yakarudi. Alicheka na muuguzi: "Mito miwili inaingia, mmoja unatoka. Nimefundisha hiyo." Mwezi Mei mwaka huu wa 2019 aliomba kurudi nyumbani, na binti yake akamtandikia kitanda kwenye chumba kinachotazamana na sebule.

Nilikuwa nakaa naye mchana, binti akiwa kazini. Alasiri moja nilikuwa namsomea gazeti, akaninyamazisha kwa kidole. Akageuza uso mlangoni akauliza, kwa sauti yake ya darasani, kavu na safi, "Uko wapi?"

Sebuleni pakajibiwa, "Hapa."

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kwa safari. Niliinuka nikaenda. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Viti vyote vilikuwa vitupu. Palikuwa na harufu ya matete yaliyokatwa, na nyumba hii iko katikati ya mji, haina tete hata moja. Niliporudi, dada alikuwa ananitazama kwa uchokozi uleule wa utotoni.

"Umenyamaza leo, mzee wa maadili? Huna hotuba?"

Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema, "Anavuta. Si kwa nguvu. Anavuta kama mtu anayetaka kujua kama bado upo." Kisha akanishika mkono kwa ule wa kushoto. "Nikifa usimwandike na wafu. Hata mimi mwenyewe sijui kama amekufa. Nimemshika mpaka hapa, usije ukamwangusha kwa kalamu."

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2019, saa tisa alasiri, binti yake na mimi tukiwapo. Hakuteseka. Pumzi ilipokata, mkono wa kulia ulibaki umenyooka kuelekea mlangoni, juu ya kitanda, bila kuegemea kitu, ngumi imefungwa. Wanawake waliokuja kumwosha walijaribu kuukunja ukashindikana, na mmoja wao, aliyeosha maiti ujana wake wote, aliomba ruhusa akatoka nje. Ndipo binti akasogea, akaweka kiganja chake chini ya ngumi ya mama yake. Vidole vikafunguka. Mkono ukalala. Na binti akaenda mbele hatua moja, kama mtu aliyevutwa.

Alisema amejikwaa. Sakafu ile ni sementi tupu, haina kitu cha kujikwaa.

Jana kaka yetu wa pili alisema kwa nia njema, "Tumwandike shemeji amefariki 1984, yaishe, watu wapumue." Nilikuwa tayari nimeshika kalamu. Binti akasema, "Mjomba, usimwandike huko. Bado." Nikamuuliza anajuaje. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake, mkono wa kulia mapajani, umefungwa. Nimeishi maisha yangu nikiwakemea watu wanaosema wasiyoyajua. Kwamba shemeji amekufa, sijui. Hakuna aliyemwona mfu. Tuliomsikia akiitika, mimi nikiwa mmoja wao, tupo. Kwa hiyo nimeandika kama ifuatavyo, na lawama ni yangu.

Kwa kawaida wafiwa huitwa mmoja mmoja, kila mtu akaitika na kusimama ili watu wamfahamu. Leo hatutafanya hivyo. Nitasoma tu. Naomba mtu yeyote asiite, asiulize kwa sauti nani yuko wapi, na watoto washikwe vizuri. Nimewaomba pia shangazi wawili wa binti wasimame naye kaburini, mmoja kila upande, na wasimwachie mpaka tutakapofika nyumbani.

Marehemu ametanguliwa na baba na mama.

Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, wadogo zake watatu, na wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwasoma.

Dada, umeifundisha nchi hii vizuri. Mungu akulaze mahali ambapo hutahitaji tena kuuliza.